Wazamao Kuwatafuta Wenzao

Kijana msomaji, mtu ashukaye kutoka Asumbi kuelekea Homa Bay huliona mbele yake Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Ziwa hili hutulisha samaki na kutuvusha katika safari zetu. Lakini mara kwa mara humchukua mmoja wetu asirudi. Hapo huanza kazi ambayo ni nadra kuandikwa katika vitabu vya historia, nayo ni kumtafuta aliyezama.

Kwa nini watu wajihatarishe kwa ajili ya maiti? Jibu limo katika desturi. Kwa Mjaluo, mtu hana budi kuzikwa nyumbani kwao. Tangu kale, maiti asipopatikana kabisa, jamaa zake walitwaa tunda la yago, mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea, wakalizika mahali pake. Lakini fikiri moyo wa mama aliyezika tunda: kila mtu abishapo hodi usiku, huinuka kitandani kwa matumaini. Basi amtafutaye aliyezama hamtumikii marehemu peke yake. Huwatumikia walio hai.

Aghalabu wa kwanza kuifanya kazi hii ni wavuvi. Habari ikifika ufuoni, shughuli huachwa na mitumbwi husukumwa majini pasipo mtu kuulizia ujira. Wengine hukokota kulabu na nyavu. Wenye pumzi ndefu hupiga mbizi na kupapasa kwa mikono katika maji ya tope, ambamo jicho halioni kitu. Wanajua kwamba mwili huzama kwanza, kisha huibuka baada ya siku kadhaa kwa sababu ya hewa izaliwayo ndani yake unapooza. Na kwamba maji yakiwa baridi, kuibuka huko huchelewa. Elimu hiyo hawakuipata darasani.

Lakini moyo mwema peke yake hautoshi. Tarehe 21 Mei, 1996, meli MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa karibu kufika. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Kwa muda ilielea kichwa chini, na ndani yake walikuwamo watu walio hai bado. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Ole wao! Hewa iliyokuwa ikiieleza meli ikatoka kwa tundu lile, nayo ikazama. Baadaye wazamiaji, wakiwamo wanamaji wa Afrika Kusini, walishuka kuwatoa maiti, na wengi walizikwa Igoma, Mwanza. Tusiwalaumu kwa pupa waliotoboa, kwani walitaka kuokoa. Ila tujifunze kwamba huruma isiyo na ujuzi yaweza kuua.

Ujuzi wa kuzama una historia yake. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo kimpacho mzamiaji hewa kutoka katika mtungi aubebao mgongoni. Tangu hapo mtu aliweza kutembea chini ya maji kwa uhuru, akakaa huko muda mrefu kupita pumzi yake. Hata hivyo, maji hayakuondoa masharti yake. Kila mita 10 za kina humwongezea mzamiaji mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Naye akipanda kwa haraka, naitrojeni iliyoyeyuka katika damu hufanya mapovu yawezayo kumlemaza au kumwua.

Masharti hayo yalidhihirika Likoni, Mombasa. Tarehe 29 Septemba, 2019, gari lililokuwa na mama na binti yake liliteleza kutoka katika kivuko, likatumbukia baharini. Wanamaji wa Kenya na wazamiaji wa kiraia walipambana na mkondo mkali na giza la chini, huku jamaa wakingoja. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha karibu mita 58, ambako mgandamizo ni karibu mara saba ya ule wa ufuoni. Msiba haukufutika, lakini jamaa walipata kuwazika wapenzi wao.

Wala usidhani kwamba wazamiaji huleta maiti tu. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba, 2018, watu zaidi ya 220 walikufa; lakini siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi mmoja wa mitambo yu hai, mahali palipobaki hewa ndani ya kivuko.

Wahenga walisema, atafutaye hachoki, akichoka keshapata. Hata hivyo, mvuvi arudiye mikono mitupu baada ya siku tatu za kutafuta, naye ametimiza haki ya ujirani, na yafaa ashukuriwe sawasawa na aliyepata. Nawe, kijana, ujifunzapo kuogelea, au usomapo habari za hewa na mgandamizo wa maji, usiseme kwamba hayo ni ya mtihani tu. Huenda siku moja mama mmoja wa kando ya ziwa asilazimike kuzika tunda, kwa sababu wewe ulijua la kufanya.