Upatanisho wa kiima cha wingi na kitenzi katika Kiingereza

Upatanisho wa kiima na kitenzi katika Kiingereza ni kanuni inayokitaka kitenzi kifuate nafsi na idadi ya kiima chake. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye mara nyingi hukivika kitenzi kiambishi cha ngeli, kanuni hii ni nyembamba mno. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza hubadilika mahali pamoja tu: wakati uliopo, nafsi ya tatu, umoja. "The boy runs" ni mvulana mmoja anayekimbia. Wakiwa wengi, nomino ndiyo inayobeba "-s" na kitenzi hubaki kitupu: "the boys run". Wakati uliopita hautofautishi mmoja na wengi, na vitenzi visaidizi kama "can" na "must" havibadiliki kabisa. Ni "be" peke yake kinachotenganisha umoja na wingi hata katika wakati uliopita, kwa "was" na "were".

Kosa linalojulikana sana madarasani, "the boys plays", huzaliwa hapa. Mwanafunzi hudhani wingi wa nomino unadai alama ileile kwenye kitenzi, na dhana yake haikosi mantiki: "vi-" ya "vitabu" husikika tena katika "vimeanguka". Lakini "-s" hizo mbili za Kiingereza hazina undugu. Ile ya nomino imetokana na kiambishi "-as", kilichoonyesha wingi wa nomino nyingi za jinsia ya kiume katika Kiingereza cha Kale. Ile ya kitenzi ilishuka kutoka kaskazini mwa Uingereza. Imo tayari katika tafsiri iliyoandikwa katikati ya mistari ya Injili za Lindisfarne, hati ya Kilatini ya huko kaskazini, katika karne ya 10, wakati kusini walikuwa wakitumia "-th". Biblia ya Mfalme James ya 1611 bado imeshikilia "-eth", Shakespeare alichanganya zote mbili, na kufikia mwisho wa karne ya 17 "-s" ilikuwa imeshinda katika maandishi ya kawaida. Vitenzi vya wingi navyo vilikuwa na viambishi vyao zamani, vikachakaa hadi vikatoweka.

Ugumu halisi hauko kwenye kiambishi bali kwenye kuamua kiima ni kimoja au vingi. Herufi ya mwisho ya nomino ni shahidi asiyeaminika. "News", "mathematics" na "measles" huishia na "s" lakini kwa kawaida huchukua kitenzi cha umoja. "Police", "people" na "cattle" hazina "s" lakini hudai wingi: "the police are here". "Scissors" na "trousers" ni wingi hata mkasi ukiwa mmoja na suruali moja. Zikitanguliwa na "a pair of", kitenzi hurudi kwenye umoja kwa kuwa sasa kinafuata "pair". Nayo "sheep" haibadiliki, kwa hiyo kitenzi ndicho kinachofichua idadi, sawa na "nguo imekauka" na "nguo zimekauka".

Wanasarufi hutenganisha upatanisho unaofuata umbo la neno na ule unaofuata maana yake. Mvutano huo Mswahili anaujua vizuri: "kiboko" kwa umbo ni neno la KI-VI, lakini hakuna anayesema "kiboko kimelala", kwa sababu uhai wa mnyama hulishinda umbo la neno. Katika Kiingereza kinachovutana na umbo si uhai bali hesabu. Umbali, fedha na muda vikichukuliwa kama kiasi kimoja hupewa umoja: "ten kilometres is a long way". "The number of students" huchukua "is" kwa kuwa inayozungumziwa ni idadi yenyewe, ilhali "a number of students" huchukua "are" kwa kuwa wanaozungumziwa ni wanafunzi.

Nomino za makundi ndipo Waingereza na Wamarekani wanapoachana. Mwingereza anaweza kusema "the government have decided" akiwafikiria mawaziri, au "has" akiifikiria taasisi. Mmarekani karibu daima husema "has". Mpenzi wa kandanda wa Nairobi au Dar es Salaam husikia tofauti hii kila wikendi bila kuitafuta: mtangazaji wa ligi ya Uingereza husema "Arsenal are", wakati gazeti la Marekani likiandika kuhusu timu ya Chicago kwa jina la mji huandika "Chicago is". Timu hiyohiyo ikitajwa kwa jina lake la wingi, Bulls, hata Mmarekani hutumia "are".

Jina la Marekani yenyewe limepitia safari hiyo. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787, inapoeleza uhaini katika Ibara ya 3, inaitaja Marekani kwa kiwakilishi cha wingi, "them", na Marekebisho ya 13 ya mwaka 1865 bado yanatumia "their". Leo ni "the United States is". Watu hupenda kusema vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ndivyo vilivyoigeuza "are" kuwa "is". Ni hadithi tamu kuliko ukweli: maumbo yote mawili yaliendelea kuandikwa kwa miongo kadhaa baada ya vita.

Maneno ya Kilatini yameleta ubishi wa aina yake. "Agenda" ilikuwa wingi na leo hakuna anayeikumbuka hivyo. "Data" bado iko njiani: wanasayansi wengi huandika "data are", watu wengine wengi husema "data is".

Hata wazawa wa lugha huteleza. Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha mwaka 1991 majaribio ambamo watu walisikia mwanzo wa sentensi, wakaurudia na kuimalizia. Mwanzo kama "the key to the cabinets", ufunguo mmoja wa makabati mengi, uliwavuta baadhi yao kusema "are", kwa sababu nomino ya wingi ilikuwa imekaa jirani na kitenzi. Kinyume chake, funguo nyingi za kabati moja, hakikuwatega kiasi hicho.

Na si kila "birds sings" ni kosa. James Murray, aliyekuja kuwa mhariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, alieleza mwaka 1873 kanuni ya lahaja za kusini mwa Uskoti, inayopatikana pia kaskazini mwa Uingereza: kiima cha wingi kikiwa nomino, kitenzi huchukua "-s", kikiwa kiwakilishi kilichogusana na kitenzi, "-s" hudondoka. Kwa hiyo "the birds sings" lakini "they sing". Huko East Anglia, mashariki mwa Uingereza, lahaja ya zamani imekwenda upande mwingine ikaiacha "-s" hata katika umoja, "she go", na kwa mzungumzaji wake vitenzi vya kawaida havina tena upatanisho wowote.