Kiu ya uamsho: kutoka Kome hadi Gahini na Kabale

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka ndani ya kanisa la Kianglikana la Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulitanguliwa na miaka mingi ya maombi. Waliouombea walikuwa walimu, madaktari na wachungaji walioona makanisa yakijaa watu huku imani ikipoa. Wengi wao waliomba wengine waamshwe, kisha wakajikuta wao wenyewe ndio wa kwanza kutubu.

Mfano wa awali ulikuwa umeonekana Buganda mwaka 1893. Mkristo mmoja, Musa Yakuganda, aliwaendea wamisionari akataka aandikwe kuwa si Mkristo tena, kwa kuwa dini waliyomfundisha haikumsaidia kuishinda dhambi. Maneno hayo yalimchoma George Pilkington, mmisionari wa shirika la Kianglikana la CMS (Church Missionary Society) aliyekuwa akitafsiri Biblia kwa Kiganda. Alijitenga peke yake katika kisiwa cha Kome, Ziwa Victoria, akasoma na kuomba. Desemba mwaka huo alirudi Mengo, makao makuu ya Buganda, akaungama mbele ya watu kwamba alikuwa akifanya kazi bila nguvu za Roho Mtakatifu. Mikutano iliyofuata iliwavuta watu wengi, na katika miaka iliyofuata walimu wa Kiganda walipeleka Injili Toro, Ankole na Busoga.

Kizazi kimoja baadaye joto hilo lilikuwa limepungua. Ubatizo ulikuwa umegeuka njia ya kupata shule, kazi na heshima. Ulevi na nyumba ndogo vilijulikana hata miongoni mwa viongozi wa kanisa, na watu wakashiriki Meza ya Bwana bila kuulizwa lolote.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Joe Church, daktari Mwingereza wa Misheni ya Ruanda, tawi la CMS lililoanzishwa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1921 na madaktari Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith. Church alianza kazi mwaka 1928 katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, wakati nchi ilipokuwa ikiingia katika njaa kali. Septemba 1929 alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na moyo. Kwenye kilima cha Namirembe alimkuta Simeoni Nsibambi, Mganda wa ukoo wenye heshima, mwenye kazi serikalini, amesimama kando ya pikipiki yake. Nsibambi naye alikuwa na kiu ileile. Kwa siku mbili walikaa na Biblia wakifuata mafundisho kuhusu Roho Mtakatifu, kisha wakaomba pamoja. Baadaye Nsibambi aliacha kazi, akavua viatu, akawa mhubiri wa barabarani Kampala.

Church alirudi Gahini akitarajia mavuno, lakini akakuta manung'uniko kati ya Wazungu na wafanyakazi wa hospitali. Yosiya Kinuka, aliyewaongoza wasaidizi wa hospitali, alisafiri hadi Kampala kumtembelea Nsibambi. Alipoeleza matatizo ya Gahini, Nsibambi hakuyajadili. Alimgeukia na kumuuliza habari za dhambi zilizokuwa moyoni mwake mwenyewe. Kinuka aliondoka na swali hilo, akatubu njiani, akafika Gahini mtu mwingine. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa akifundisha wainjilisti papo hapo Gahini. Watu hawa watatu, daktari, msaidizi wa hospitali na mwalimu, wakawa kundi moja la maombi.

Mwishoni mwa Desemba 1933 ulifanyika mkutano wa mafundisho ya Biblia Gahini. Ulipomalizika bila jambo kubwa kutokea, baadhi ya wahudhuriaji walibaki kuomba. Mmoja aliinuka akaungama dhambi yake waziwazi. Wa pili akafuata, kisha wengine, kwa saa kadhaa. Tangu hapo maungamo yakawa alama ya uamsho huo. Mwaka 1935 timu kutoka Gahini iliongoza mkutano Kabale, na moto ukashika eneo lote la Kigezi. Mwanzoni mwa 1936 Kigozi alikwenda Kampala akiwa amejiandaa kuihoji sinodi juu ya ubaridi wa kanisa na juu ya watu wanaoishi wazi katika dhambi kuruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana. Aliugua homa ya kupe, akafariki Januari mwaka huo. Wito wake wa kuamka ulienea zaidi baada ya kifo chake.

Walioguswa waliitwa Balokole kwa Kiganda, na kwa Kiswahili Walokole. Hawakujitenga na kanisa wala hawakuanzisha dhehebu lao. Walikutana katika vikundi vya ushirika, ambamo kila mmoja alieleza jinsi anavyotembea nuruni: alilokosa, aliyemkosea na alivyopatana naye. Toba ilidai malipo, hivyo watu walirudisha vitu vya wizi na kulipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa. Katika enzi ya ukoloni jambo la ajabu zaidi lilikuwa Mzungu kumwomba Mwafrika msamaha mbele ya watu. Wimbo wa Kiganda Tukutendereza Yesu (Tunakusifu Yesu) ukawa salamu yao kila walipokutana, wa lugha yoyote.

Timu za wahubiri, nyingi zikiwa za walei, zilivuka mipaka. Mwaka 1937 zilifika Kabete nchini Kenya, na mwaka 1939 Katoke katika eneo la Bukoba, Tanganyika. Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi, alihamia Dodoma katika miaka ya 1940 akifundisha shule na kuhubiri. Walutheri wa Bukoba nao waliguswa. Miongoni mwao alikuwa Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa askofu na, mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani.

Bidii hiyo haikuwapendeza wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na kushutumu mafundisho waliyoyaona ya kilegevu. Kanisa la Uganda lilikaribia kugawanyika, lakini Balokole wengi walibaki. Mwaka 1966 mmoja wao, Erica Sabiti, akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda, Rwanda na Burundi.

Majaribu makali yalitoka nje ya kanisa. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya katika miaka ya 1950, Walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo. Wengi walikataa pia kubeba bunduki za serikali, hivyo wakashukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Nchini Uganda Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin.

Udhaifu wa harakati nao ulijitokeza. Maungamo yalipozoeleka, baadhi ya vikundi viliyafanya kanuni, vikaanza kupima nani ameokoka kweli kwa mavazi, kwa mikopo na kwa biashara. Katika miaka ya 1960 na 1970 walijitokeza Uganda waliojiita walioamshwa upya, wakiwashutumu wenzao kuwa wamelala, na ndugu wakagawanyika. Mikutano mikubwa ya kumbukumbu ya Kabale iliendelea hata hivyo kufanyika kila baada ya miaka kumi, na vikundi vya ushirika vingali vikikutana katika sharika nyingi za Kianglikana na Kilutheri za Afrika Mashariki, vikiomba uamsho na kuanza, kama Gahini, na toba ya waliomo chumbani.