Ile Ni Tai Gani? Ndege wakubwa wa kuwinda kati ya mlima na ziwa

Pembezoni mwa ziwa Tanganyika, tangu Kavimvira mpaka Baraka, ndege yeyote mkubwa anayezunguka juu bila kupiga mabawa ana jina moja tu: tai. Mtoto anasema tai, mama mwenye kuanika ndagala anasema tai, na sisi walimu, tukitaka kuonekana wasomi, tunasema aigle. Kumbe wale tunaowaita hivyo ni ndege wa aina nyingi, na kila mmoja ana maisha yake. Kuko anayekula samaki, kuko anayekula mizoga, kuko anayekamata nyani ndani ya pori, na kuko hata mmoja ambaye chakula chake cha kwanza ni ngazi, zile zile tunazokamua mawese. Kuwachanganya si jambo la lugha peke yake, kwa sababu ndege mmoja anauawa juu ya wizi wa mwingine. Nitarudi kwa neno hilo.

Kwanza jina lenyewe. Kiswahili kilifika huku na misafara ya watu wa pwani, kupitia Ujiji. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi katika mwaka 1858, Burton aliandika kwamba Uvira ilikuwa kituo cha mwisho upande wa kaskazini ambacho wafanyabiashara waliruhusiwa kukifikia. Walifuata pembe za tembo, watumwa, nguo za magome na chuma. Lugha ya biashara inabeba kwanza maneno ya biashara. Watu wa pwani wana furukombe, pungu, tumbusi, kozi, kipanga, mwewe, na kila jina lina ndege wake. Kwa maoni yangu, majina mengi ya namna hiyo yalibaki njiani, maana hakuna aliyevuka nchi yote hiyo ili kuuza furukombe. Kwetu kila siku tunasikia mawili tu: mwewe, na huyo tai wa kila kitu.

Halafu Biblia ikaja kukaza. Katika Biblia ya Kiswahili tai anapanda juu kwa nguvu mpya, na tai huyo huyo anakusanyika penye mzoga, Injili ya Matayo sura ya 24. Ni ndege wawili kwa jina moja. Lakini tusiwalaumu waliotafsiri, juu Kiebrania chenyewe kina neno nesher, ambalo wataalamu wengi wanasema ni tumbusi mkubwa kuliko kuwa tai wa kuwinda. Nabii Mika, sura ya 1, anaongea juu ya upara wa ndege huyo. Sasa nani amekwisha kuona tai wa kuwinda mwenye upara? Tumbusi ndiye mwenye kichwa na shingo bila manyoya ya kutosha, maana anaviingiza ndani ya mzoga. Lugha za nyumbani hazina mchanganyiko huo. Kinyarwanda, kwa mfano, kinasema kagoma kwa tai wa kuwinda na inkongoro kwa mla mizoga, na mtu hakosei. Kila msomaji aulize wazee wake kwa Kivira, kwa Kifuliru, kwa Kibembe, na aandike jina pamoja na tabia ya ndege, maana jina bila tabia halimsaidii mtu.

Tuje kwa nchi yenyewe. Uvira ni mahali pazuri sana pa kuwaangalia, pengine kuliko miji mingi ya Kongo. Ziwa liko karibu metre 770 juu ya bahari, na milima ya Itombwe nyuma yetu inapita metre 3.000. Jua likishapasha mawe ya mlima, hewa inakuwa moto na kupanda. Mchana upepo wa ziwa unakuja, unagonga mlima na kupanda nao pia. Ndege mzito hapendi kupiga mabawa, maana inamkula nguvu. Anatafuta hewa ile inayopanda, anazunguka ndani yake, anainuliwa bure, halafu anateleza mpaka ingine. Ndiyo sababu asubui mapema hamwoni kitu juu, lakini kuanzia saa tatu ao saa nne wanaanza kupanda mmoja mmoja. Na juu ya maji mapana hewa hiyo haipandi vizuri. Kwa hiyo hata wageni wanaotoka Ulaya na Asia mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakirudi mwezi wa tatu na wa ine, wanapenda kufuata nchi kavu kuliko kukata ziwa. Sisi tuko chini ya njia.

Makosa ya kwanza ya mwenye kuanza ni kuuliza rangi. Mbali, mbele ya mbingu nyeupe, kila ndege ni mweusi. Waliosoma sayansi hii wanaanza na umbo: mabawa yanakaa namna gani, yamelala sawa kama ubao, yameinuka kama herufi V, ao yamekunjwa kidogo? Mkia ni mrefu, mfupi, umegawanyika? Kichwa kinatoka mbele ao kimezama? Halafu mwendo. Mwishoni kabisa, rangi. Mvuvi anajua hayo bila shule, kwa sababu mtumbwi wa jirani anautambua kwa mbali kwa namna unavyokaa juu ya maji, hangojei kuona uso wa mwenye kupiga kasia.

Tuanze na mwewe, maana ndiye wa kila siku. Ukimtambua huyu, nusu ya kazi imekwisha. Mkia wake umegawanyika kama kipande cha mkasi, na hautulii: anaupinda upande huu na huu kama usukani. Mabawa ni marefu, membamba kidogo, yamekunjwa kwenye kiungo. Anapita chini chini juu ya mchanga penye ndagala, juu ya soko, juu ya majalala, na kitoto cha kuku hakimshindi. Si ndege wa heshima, lakini ni fundi wa kuruka, na miji yetu ingenuka zaidi bila yeye.

Furukombe ndiye tai wa ziwa, na huyu nitakawia naye. Wafaransa wanamwita pygargue vocifère, mwenye kupiga makelele. Jina hilo la makelele linatoka kwa François Levaillant, aliyesafiri Afrika ya Kusini katika miaka ya 1780. Daudin ndiye alimpa jina la Kilatini mwaka 1800. Makelele yake ni alama kuliko macho: anatupa kichwa nyuma na kulia, hata akiwa anaruka, na mara nyingi dume na jike wanajibizana. Ukimwona mbali, mabawa ni mapana sana, yamelala sawa. Kwa jike yanaweza kupita metre 2 toka ncha mpaka ncha, na jike ni mkubwa kuliko dume. Mkia ni mfupi. Akigeuka kwenye jua unaona kichwa, kifua na mkia vyote vyeupe, tumbo la rangi ya udongo mwekundu, mabawa meusi. Lakini watoto wake wanatesa hata wataalamu, maana kwa miaka mine ao mitano wanabaki wa kahawia wenye mistari, na watu wanasema ni ndege ingine kabisa. Hapo umbo linaokoa: mabawa mapana yale yale, mkia mfupi ule ule, na maji karibu. Hazami kama mnandi. Anachukua samaki aliye karibu na uso wa maji, na asiposhika anamnyang'anya mwenzake. Zambia, ambayo inagawana nasi ziwa hili upande wa kusini, ilimweka kwenye bendera yake mwaka 1964.

Mwenye kumchanganya na furukombe zaidi ni yule mla ngazi, vautour palmiste. Ni tumbusi kwa ukoo, lakini zaidi ya nusu ya chakula chake ni matunda ya mingazi; anaongeza kaa na samaki waliokufa. Naye ni mweupe na mweusi, naye anakaa karibu na maji. Tofauti iko kwenye mkia: wa furukombe ni mweupe wote, wa mla ngazi ni mweusi wenye ncha nyeupe. Tena tumbo lake ni jeupe tu. Mahali penye mingazi karibu na maji, ni vema kuangalia mara mbili kabla ya kusema jina.

Katika bonde la Ruzizi, kwenye nyasi na miti michache, kuko pungu. Levaillant huyo huyo alimwita bateleur, yaani mchezaji wa kamba, na mwenye kumwona mara moja anaelewa juu ya nini. Anainua mabawa kama V na kuyumba kushoto na kuume, kama mtu anayetafuta kusimama juu ya waya. Mkia wake ni mfupi mpaka unafikiri umekatwa. Na kuko jambo moja linalonifurahisha kila mara: hata mbali unaweza kusema kama ni dume ao jike. Ukimwangalia toka chini, upande wa nyuma wa bawa la jike una ukingo mwembamba mweusi. Kwa dume ukingo ule ni mpana. Ni ndege wachache wakubwa wanaokwambia siri hiyo toka angani.

Walio juu kabisa, wanaozunguka taratibu na mabawa kama mbao zenye vidole kwenye ncha, kichwa kidogo, mkia mfupi: hao ni tumbusi. Lakini uangalie nyuma kwanza. Ukiona miguu mirefu inapita mkia, si tumbusi wala tai, ni marabu, ambaye naye anajua kupanda na hewa.

Wa mlimani ni wawili wa kukumbuka. Buse augure, mweupe tumboni, mkia mfupi mwekundu, anapenda kusimama hewani mbele ya upepo wa mlima bila kusogea. Chakula chake ni panya, fuko, mijusi. Na ndani ya pori la Itombwe, aigle couronné, mwenye mabawa ya mviringo na mkia mrefu wenye mistari, anayepanda na kushuka juu ya pori huku akipiga filimbi. Huyu anakamata nyani. Wataalamu wa Afrika ya Kusini walichunguza fuvu la mtoto wa kale sana lililopatikana Taung mwaka 1924, na mwaka 2006 Lee Berger alionyesha kwamba alama kwenye matundu ya macho zinafanana na zile ambazo tai wa namna hii anaacha kwa nyani. Heshima ambayo watu wa pori wanampa huyu haikuanza jana.

Sasa tujiulize kwa nini elimu hii ya ndege wanaoruka haipatikani kwa vitabu vyetu. Jibu ni kwamba historia ya ndege wetu iliandikwa kwa ngozi. Rudolf Grauer, Mwaustria, alikusanya wanyama na ndege katika milima yetu kabla ya vita ya 1914. James Chapin, Mwamerika, alitoa mabuku mane juu ya ndege wa Kongo kati ya 1932 na 1954. Alexandre Prigogine, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya Kamituga, ndiye alijua ndege wa Itombwe kuliko wengine. Ni watu wa kuheshimu. Lakini kazi ya wakati ule ilikuwa kupiga, kuchuna, kuandika karatasi ndogo na kutuma Tervuren ao New York. Bundi anayeitwa kwa jina la Prigogine alijulikana kwa ngozi moja tu ya mwaka 1951 mpaka alipokamatwa wa pili, mzima, Itombwe, mwaka 1996: miaka 45! Ngozi ndani ya sanduku haionyeshi namna ndege anavyoyumba. Wamerika walianza kubadili jambo hilo kwa watu wote mwaka 1934, Roger Tory Peterson alipotoa kitabu chenye picha za umbo na alama za kutambua ndege akiwa mbali, bila bunduki. Kwa pande zetu elimu ya namna hiyo ilibaki mdomoni, kwa wavuvi, wachungaji na wawindaji.

Na mdomo unafungwa. Mwaka 2024 watafiti walitangaza hesabu ya ndege 42 wa kuwinda wa Afrika: 37 kati yao wamepungua. Hesabu ile ilifanywa Burkina Faso, Mali, Niger, Kameruni, Kenya na kaskazini ya Botswana. Kongo haimo. Pungu aliandikwa kati ya walio hatarini mwaka 2020. Kwetu miti mikubwa ya kujengea viota inageuzwa makala na mbao. Halafu kuko ile niliyosema mwanzoni. Mwewe anaiba kitoto cha kuku saa tatu, saa tano buse, mla panya, anatua juu ya mti karibu na nyumba, vijana wanakuja na manati na mawe, "ndiye ile tai!", na mwenye kutulindia mihogo anakufa. Mwewe yuko sokoni, anaendelea na kazi yake.

Mwenye kutaka kuanza na wanafunzi wake hana lazima ya jumeli. Awapeleke kwenye mdomo wa Mulongwe saa ine, jua likiwa nyuma yao. Asiwaulize jina. Awape kila mmoja karatasi na kalamu, wachore mkia peke yake, halafu mabawa, halafu waandike kama ndege alipiga mabawa mara ngapi kabla ya kupotea upande wa Kalundu. Kisha wapeleke michoro nyumbani kwa babu zao, na waandike pembeni jina ambalo mzee atatoa.