Taa za Siling'i Zinamweka-mweka? Cheki Transfoma Kabla Hujatupa Balbu

Umepata keja fiti Kawangware, siling'i ni ya jipsam na spotilaiti zinang'aa ka lounge ya Kile. Ama uko Kibera, umefungua kinyozi na umezungusha LED strip kwa kioo. Halafu siku moja taa zinaanza kumweka-mweka, zinanguruma, ama zinazima kabisa. Wasee wengi hukimbilia balbu mpya. Mara mob balbu haina noma. Mwenye shida ni kale kaboksi kamejificha juu ya siling'i: transfoma, ama draiva kwa taa za LED.

Kazi yake ni moja. Stima ya Kenya huingia kwa nyumba ikiwa 240V, na hizo taa nyingi hutaka 12V. So kuna upande wa 12V wenye hauwezi kukuchapa sana, na upande wa 240V wenye unaweza kukumaliza. Msee akikushow "hii ni stima kidogo tu", jua ameongelea upande mmoja.

ZIMA STIMA KWANZA

Kuzima swichi ya ukuta haitoshi. Zima main switch, ambia wenye mko nao wasiiguze, halafu chukua testa. Ijaribu kwa soketi yenye iko na stima kabla ya kuzima, ndio ujue inafanya. Kisha pima waya za transfoma.

Kwa keja za stima ya sambaza, hapo ndio pa kuchunga. Nyingi hazina main switch yake, na fundi wa mtaa anaweza kuwa aliweka swichi kwa nyutro badala ya laivu. Taa inazima, lakini waya bado iko na stima. Ka huwezi kukata stima yote na kuhakikisha na testa, usifungue hiyo siling'i.

JUA SHIDA IKO WAPI

Taa moja imezima na zingine ziko poa? Toa balbu, weka yenye inawaka. Ikiwaka, balbu ndio ilikuwa imeenda. Isipowaka, cheki soketi ya balbu na waya zake, na ka kila taa iko na kaboksi yake, cheki hako kaboksi.

Taa zote za transfoma moja zimezima pamoja? Shuku transfoma.

Zilianza kumweka-mweka baada ya kutoa halojeni na kuweka LED? Soma transfoma imeandikwa wati ngapi. Ikiwa ni 20-60W, inataka mzigo wa angalau 20W. Halojeni moja ya 50W ilikuwa inatosha. LED tatu za 5W ni 15W tu, so transfoma inawaka na kuzima. Haijaharibika, haielewani tu na LED. Nunua draiva ya LED.

Harufu ya plastiki kuungua ama kaboksi kamebadilika rangi? Zima na usiwashe tena.

KUNUNUA YENYE INATOSHANA

Usiende Luthuli Avenue mikono mitupu. Beba ile ya zamani, ama piga picha maandishi yake. Cheki vitu tatu: volti inayotoka, ka ni AC ama DC, na wati. Jumlisha wati za taa zako, uongeze kitu 20% juu. Strip ya mita 5 yenye inakula 14.4W kwa mita ni 72W, so adapta ya 60W itapata moto hadi ife. Tafuta ya 90W kuenda juu.

Taa za panel ni story ingine. Draiva zake hupimwa kwa milliamp, mfano 300mA. Hiyo namba lazima ifanane na ya zamani, na volti ziwe ndani ya zile zimeandikwa.

KUBADILISHA

Piga picha waya vile zimekaa. Upande umeandikwa PRI ama INPUT ni wa 240V. SEC ama OUTPUT huenda kwa taa. Ukizibadilisha, unachoma kaboksi mpya hapo hapo. Kwa DC, nyekundu iende kwa plus na nyeusi kwa minus.

Kaza waya kwa konekta, usisokote na kufunga tape. Sababu ni hii: 60W kwa 240V ni 0.25A, lakini kwa 12V ni 5A, mara 20 zaidi. Waya ikilegea hapo, inapata moto. Kwa nyumba ya mbao yenye siling'i ya kadibodi ama kitambaa, na ploti zimeshikana, moto wa keja moja ni wa laini nzima. Acha kaboksi kapate hewa, kasifunikwe na nguo ama makaratasi.

ITA FUNDI KA...

Siling'i iko na alama ya maji ya mvua, main switch inaanguka kila ukiwasha, ama waya za ndani zimeungua. Uliza fundi akuonyeshe leseni ya EPRA. Na ka umepanga, ongea na landilodi kabla ya kufungua kitu. Hiyo waya ni yake, lakini mwenye analala chini yake ni wewe.