Waliopita hawakusahau: historia ya kikosi cha ngoma cha Casper



Katika mikutano yetu swali moja linarudi kila mara: mtu akishapata shamba, nyumba imepanda bati, watoto wako masomoni, kwa nini aendelee kuleta mchango wa kila mwezi? Alichofuata amekwisha kukipata. Ukurasa huu wa historia tumezoea kuujaza na njia zetu za kwenda na kurudi, Fizi, Uvira, Kigoma. Safari hii tunaenda mbali, paka Marekani, juu kule kuna watu ambao wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa miaka mingi, tena kwa ngoma na tarumbeta.

Ngoma za waliorudi

Jambo lenyewe lilianza na watu waliorudi makwao. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, askari wa Marekani walishuka kwenye meli, wakatafuta kazi na namna ya kuishi tena na jirani. Mwaka 1919 wakaunda chama kinachoitwa American Legion. Kingine cha askari wa zamani, Veterans of Foreign Wars, kilikuwa kimetangulia. Kazi ya vyama hivyo ilikuwa kusaidiana: kudai haki za waliorudi, kuangalia wagonjwa, wajane na yatima.

Lakini aliyerudi anataka pia kuonekana na kusikika. Wengi walijua kupiga ngoma na baragumu, ile tarumbeta ya jeshi inayoamsha askari asubuhi. Vyombo hivyo havikuwa vigumu kupata, juu jeshi lilikuwa limebaki navyo vingi visivyo na kazi. Matawi ya vyama yakaunda vikosi vya ngoma na baragumu, yakaanza kushindana. Baadaye wazazi wakafikiria watoto. Maparokia, maskauti na vyama vya mitaa vikawapa vijana ngoma, wapate adabu na wasikae bure barabarani.

Upande wetu wa Afrika, vita ile ile ilieneza ngoma ya namna hiyo. Beni (jina linatoka kwenye neno "bendi") ilikuwa imeanza pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Nyuma ya vita, askari na wapagazi waliorudi waliisambaza bara, ikafika paka kwenye migodi ya Katanga. Kule Tanganyika pande mbili zilijulikana sana, Marini na Arinoti. Zilishindana kwa mavazi, kwa mwendo wa paredi na kwa nyimbo. Ndani yake mlikuwa na msaada: mwanachama akiugua anaangaliwa, akifa anazikwa na wenzake, akifika mji asioujua anapokelewa na watu wa upande wake. Wakoloni, Waingereza na Wabelgiji, waliitazama Beni kwa mashaka. Watu weusi waliojipanga vizuri namna ile, wenye vyeo na michango, waliwatia wasiwasi. Basi, wazee wetu wakisikia habari za kushindana kwa ngoma na kusaidiana humo humo, wasidhani ni mambo ya wazungu peke yao.

Vijana wa Casper

Casper ni mji wa jimbo la Wyoming, nchi kavu yenye upepo mwingi. Katika majimbo yote ya Marekani hakuna lenye watu wachache kuliko hilo. Mwaka 1957 mtu mmoja anayeitwa Jim Jones alianzisha pale kikosi cha vijana, akakiita Troopers. Aliwavika sare za askari wapanda farasi wa karne ya 19, wale wa Ohio ya 11. Luteni mmoja wa jeshi hilo, Caspar Collins, aliuawa mwaka 1865 akipigana na wenyeji wa nchi, na jina la mji limetoka kwake. Watoto wa wale wenyeji wanaweza kuiangalia sare hiyo kwa jicho jingine. Sisi tuliofukuzwa mashambani na watu wenye sare tunawaelewa.

Katika miaka ya 1960 vijana hawa wa mji mdogo walisafiri siku nzima kwa basi wakaenda kupiga mbele ya vikosi vya miji mikubwa, na wakashinda. Shida ilikuwa makuta na utawala. Sheria za mashindano na zawadi zilikuwa mikononi mwa vyama vya askari wa zamani, na vikosi vilikwenda mbali kwa malipo madogo. Mwaka 1971 viongozi wa vikosi waliamua kujitawala. Jim Jones alikuwa kati yao, pamoja na Don Warren wa Cavaliers ya Chicago na Gail Royer wa Santa Clara Vanguard ya California. Hapo ikazaliwa Drum Corps International. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa yalifanyika Whitewater, Wisconsin, mwezi wa Agosti 1972, na Anaheim Kingsmen toka California wakachukua ubingwa.

Tueleze kidogo namna mchezo huu unavyokwenda, juu hapa kwetu haujulikani. Kikosi kina wapiga tarumbeta, wapiga ngoma na wenye kurusha bendera. Siku hizi kikosi kikubwa kinaweza kupita vijana 150. Wanaingia uwanja wa mpira wakipiga huku wanatembea kwa mistari inayojikunja na kujikunjua, na onyesho lote halifiki robo saa. Waamuzi wanatoa alama juu ya 100. Kwa zile dakika chache vijana wanapitisha kiangazi kizima: mazoezi toka asubuhi paka jioni juani, usiku safari ya basi, kulala chini kwenye sakafu ya ukumbi wa shule, chakula kinachopikwa ndani ya lori. Hakuna anayelipwa. Ni wao wanaolipa, tena maelfu ya dola kwa msimu mmoja.

Na kuna sheria ya umri. Ukipita miaka 21, umemaliza. Hata kama wewe ndiye mpigaji bora kuliko wote, msimu wa mwisho ukifungwa unavua sare na kumwachia mwingine. Kwa hiyo kila kikosi kinapoteza wakubwa wake kila mwaka, na kila mwaka kinaanza kufundisha wapya. Mwalimu yeyote wa shule zetu anajua uchovu wa kazi hiyo.

Miaka 23

Fainali ni ya vikosi 12. Troopers walifika fainali mwaka 1986, kisha wakaikosa. Mwaka uliofuata wakaikosa tena, na mwingine, na mwingine. Jim Jones alifariki, na miaka ya 1990 ikapita vile vile. Tuifanye hesabu hii polepole: kijana aliyezaliwa mwaka ule wa 1986 alifikisha miaka 21 mwaka 2007. Angeweza kuzaliwa, kukua, kuingia kikosini na kutolewa na umri bila kuiona Troopers kwenye fainali hata mara moja. Vijana wa namna hiyo walikuwepo, kizazi baada ya kizazi. Walilipa, wakalala sakafuni, wakajifunza mistari, wakijua kwamba pengine jumamosi ya mwisho watakuwa kwenye viti wakiangalia wengine.

Halafu mambo yakawa mabaya zaidi. Juu ya matatizo ya fedha na uongozi, mwaka 2006 kikosi hakikutoka kabisa. Kwa kikosi cha vijana, mwaka mmoja wa kunyamaza ni hatari kubwa. Wapigaji wanahamia vikosi vingine, walimu wanatafuta kazi, vyombo vinabaki kwenye ghala. Vikosi vingi vya Marekani vilivyosema "tunapumzika mwaka mmoja" havikuonekana tena.

Troopers walirudi mwaka 2007. Ili kikosi kirudi, si vijana peke yao wanaohitajika. Kunahitajika watu wazima wa kukaa kwenye komite, wa kuangalia hesabu, wa kuendesha malori, wa kushona sare na kupika. Katika vikosi hivi kazi hizo hushikwa sana na waliopita na wazazi wa vijana: dereva, fundi, mwalimu, mstaafu. Aliyevaa sare akiwa kijana, leo ana mvi, na hatapanda tena kwenye ule mstari. Analeta mikono yake na makuta kidogo, ili mtoto asiyemjua apate kulala kwenye sakafu ile ile.

Mwaka 2009, huko Indianapolis, Troopers waliingia tena katika vikosi 12 vya fainali, mara ya kwanza tangu 1986. Hawakuwa mabingwa. Lakini kwa watu waliosubiri miaka 23, kule kusikia jina lao likitajwa kati ya wale 12 kulitosha kuwatoa machozi wazee.

Wale ambao hawana tena pa kurudi

Habari ya Casper siyo ya peke yake. Wale Anaheim Kingsmen, mabingwa wa kwanza wa 1972, kikosi chao kilizimika baadaye. Mwaka 2007, miaka 35 nyuma ya ushindi, mashindano yalipofika Pasadena, California, waliopita wa Kingsmen walikusanyika tena, wakajifunza upya vyombo vyao na kupiga mbele ya umati. Vivyo hivyo 27th Lancers ya Revere, Massachusetts, kikosi kilichopiga kwenye Olimpiki ya baridi ya Lake Placid mwaka 1980. Hakikuwahi kupata ubingwa wa Drum Corps International, na kilifungwa mwaka 1986. Mwaka 1994 fainali zilipokuja Boston, karibu na kwao, waliopita walivaa tena wakaingia uwanjani. Hawakushindania alama yoyote.

Santa Clara Vanguard tuliyoitaja juu ilikuwa haijakosa fainali hata moja tangu 1972. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba haitashindana, juu hali ya fedha haikuruhusu. Walisema ukweli huo wazi, wakapanga upya, na mwaka 2024 wakarudi.

Lakini uaminifu una upande mwingine, na hatutauficha. Cadets walizaliwa mwaka 1934 katika parokia ya Holy Name, mji wa Garfield, New Jersey. Walichukua ubingwa wa Drum Corps International mara 10. Waliopita wao walikuwa wengi na wenye mapenzi makubwa. Mwaka 2018 mkurugenzi wao wa miaka mingi alijiuzulu, nyuma ya wanawake kadhaa kumshtaki hadharani kwa unyanyasaji wa kingono. Mwaka 2024 shirika lao likafunga milango, likieleza kwamba haliwezi tena gharama za kesi juu ya madai mengine ya unyanyasaji, ya miaka ya 1980. Kikosi cha miaka 90 kikaishia hapo. Hayo mapenzi yote ya waliopita hayakuweza kukiokoa. Kundi linaloogopa kuchafua jina lake, likawaambia walioumizwa wanyamaze, linaweka deni ambalo watoto watakuja kulilipa.

Sisi na historia hii

Tumeandika haya juu ya mambo mawili yanayotugusa.

La kwanza ni kwa wale ambao wamekwisha kusimama. Katika chama chetu pia kuna umri wa kumaliza, ijapokuwa hauandikwi. Mtu anafika na furushi, anasaidiwa mbegu na bati, anaingia kwenye likilimba, na nyuma ya misimu mitatu minne anajitegemea. Hapo wengi wanaacha kuja, na hatuwalaumu. Lakini wanaorudi leo toka makambini hawana wa kuwaonyesha mahali pa kupata hati ya shamba, namna ya kuongea na chifu wa lokalite, mama gani wa soko anakopesha bila kunyonya. Mambo hayo hayamo katika karatasi za mradi wowote. Yamo ndani ya waliopita. Kwa hiyo hatuwaombi mchango wa franga peke yake. Njooni siku moja kwa mwezi, kaeni na mgeni mmoja, mfundisheni kushika daftari.

La pili ni kwa komite, na kwa wafadhili wanaotusoma. Santa Clara walisema mapema kwamba mfuko umepungua, na watu wao wakawasaidia. Sisi pia tuseme mapema, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Tena mwanamke au mtoto akileta malalamiko juu ya mtu wetu, hata kama ni mtu mkubwa wa chama, asikilizwe siku hiyo hiyo na mambo yafuatwe paka mwisho. Tukifanya hivyo, hata mwaka ambao mfuko utakuwa mtupu na mkutano una watu kumi tu, tutakuwa bado na kitu cha kurudia.

Troopers walikosa fainali mara 20 na zaidi na bado walitoka kufanya mazoezi. Sisi tunaombwa jumamosi moja tu kwa mwezi. Mwenye nafasi aandikishe jina lake kwa katibu.