Tepe za Vita na Uzito Wake Baada ya Amani

Pamoja na hesabu na habari za mwaka tumeona vema kutia maneno machache ya historia, ili vijana wetu wajue jinsi vita vilivyowapandisha watu vyeo, na jinsi vyeo hivyo vilivyoigeuza nchi baada ya bunduki kunyamaza.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilipoanza, jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya, lilikuwa na batalioni chache tu. Vilipokwisha, zilikuwa zimepita arobaini, na Waafrika wa Kenya karibu 98,000 walikuwa wamevaa sare. Jeshi likuapo hivyo kwa haraka, hulazimika kupandisha watu kwa haraka. Palihitajiwa makarani, madereva, watuma simu na viongozi wa vikosi. Kijana aliyejua kusoma na kuandika aliweza kupata tepe mkononi katika muda mfupi, na kuamuru watu wa makabila ambayo hajapata kuyaona.

Lakini palikuwa na dari. Kwa Mwafrika wa Kenya njia iliishia kwenye tepe. Nyota za begani zilikuwa za Wazungu. Kule Gold Coast, Seth Anthony alipewa kamisheni mwaka 1942, akapigana Burma, akafikia cheo cha meja, na baadaye akaiwakilisha Ghana nchini India. Hivyo haikuwa kweli kwamba Mwafrika hawezi.

Tuwataje wawili wa kwetu. Bildad Kaggia, aliyekuwa karani, aliingia jeshini mwaka 1940, akapanda hadi sajini wa ghala, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza. Waruhiu Itote aliingia Keya mwaka 1942, akapigana Burma, akawa koplo. Waliporudi, walikuta kipande kile kile na ubaguzi ule ule. Serikali ilifungua mpango wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani. Mwafrika aliyelala nao handakini hakuhesabiwa.

Kaggia akaingia katika vyama vya wafanyakazi na siasa, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na Mzee Kenyatta. Itote akaingia msitu wa Mlima Kenya. Huko vita vipya vikatoa vyeo vipya: yule aliyekuwa koplo kwa mfalme akawa Jenerali China kwa watu wake, akiwafundisha vijana ulinzi, nidhamu na amri alizojifunza Keya. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, kisha akasamehewa kunyongwa. Aliachiliwa mwaka 1962, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana wa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kaggia naye alichaguliwa mbunge mwaka 1963, na mwaka uliofuata akatoka katika cheo cha Waziri Mdogo kwa ajili ya shauri la ardhi.

Tusidhani kwamba kila askari aliyerudi alishika siasa au silaha. Wengi walirudi kimya, wakafungua maduka, wakaendesha malori, wakajenga shule na kusomesha watoto. Lakini hata hao hawakuwa watu wale wale walioondoka. Mtu aliyekwisha kuamuru wenzake thelathini chini ya risasi hawezi tena kuitwa boi na akaitika kwa moyo mweupe.

Hilo ndilo funzo letu. Cheo kikitolewa kwa sababu ya shida, hakifutwi kwa tangazo la amani. Tepe hushonolewa, lakini ujuzi na heshima hubaki mwilini. Mwenye kumtumia mtu siku ya hatari, kisha akamfungia mlango siku ya raha, hujiwekea deni.

Wazee hao wengi wametangulia mbele ya haki. Twawaomba wanachama watafute majina yao, picha na nishani zao nyumbani, wayaandike mambo yao kabla hayajapotea. Mtu asiyeandikwa husahauliwa mara ya pili.