Waliosepa na aliyebaki: kisa cha Savoy Brown

Testi zimeisha, nimepumua. Ila kundi letu la diskasheni limevunjika. Tulikuwa watano, watatu wamehamia kundi jingine siku moja, bila hata kuaga. Nikarudi rum na hasira zangu, nikaweka Savoy Brown. Acha niwape kisa chao.

Bendi hii ya bluzi ilianza London mwaka 1965. Mpiga gitaa alikuwa Kim Simmonds, kijana wa Wales mwenye miaka 17, na meneja ni kaka yake, Harry. Mwimbaji wa kwanza, Bryce Portius, alikuwa mtu mweusi, kitu nadra kwenye bendi za bluzi za Uingereza wakati ule, ingawa muziki wenyewe ni wa Wamarekani weusi! Albamu ya kwanza, Shake Down, ilitoka 1967. Portius akaondoka.

Akaja Chris Youlden. Kufikia Raw Sienna ya 1970, bluzi yao ilishatanuka, ina tarumbeta na ladha ya jazi. Mwaka huohuo naye akasepa.

Wakabaki wanne, wakatoa Looking In, ikafika nafasi ya 39 kwenye chati ya Marekani. Ungedhani sasa wametulia. Wapi! Dave Peverett, Tony Stevens na Roger Earl wakaondoka wote watatu, wakaanzisha Foghat, ambayo baadaye ilivuma sana huko Marekani.

Simmonds akabaki na gitaa na jina. Akajaza kikosi na watu watatu waliotoka bendi ya Chicken Shack: Paul Raymond, Andy Silvester na Dave Bidwell. Mwimbaji akawa Dave Walker. Mwaka 1972 Hellbound Train ikafika nafasi ya 34, juu kuliko ile ya waliomkimbia. Hapo nilishangilia peke yangu kama chizi.

Halafu nikakumbuka kitu. Kule Chicken Shack, Stan Webb naye alibaki vilevile, na gitaa lake na jina la bendi. Kumbe aliyeachwa leo, kesho anajengea nyumba yake kwa matofali ya mwenzake. Na Walker? Mwaka huohuo wa 1972 akaenda Fleetwood Mac.

Simmonds aliendelea kubadilisha vikosi hadi alipofariki Desemba 2022, akiwa na miaka 75. Namheshimu kwa kutokata tamaa. Lakini jamani, mtu akikimbiwa mara zote hizo, si inabidi ajiulize kidogo?

Basi na mimi najiuliza. Yule mwenzangu aliyebaki kaniambia eti mimi huongea mno kwenye diskasheni. Kesho nitawagongea mlango wale watatu. Siendi kugombana, naenda kuuliza.

Nyie mnaonaje, bendi ni jina au ni watu? Alamsiki.